Mlingoti Wangu, Kutu Yenu

Kwenye kijiwe chetu cha kahawa, kona ya Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, hukumu ilishatolewa zamani. Kinachorudiwa kila jioni ni sababu tu. Nikikaa, kikombe hakijafika mkononi, mmoja ananyanyua kidevu kuelekea paa la nyumba ninayopanga. "Mzee, lile dude lako bado lipo?"

Lipo. Ni bomba la chuma la mita 9 juu ya ghorofa ya nne, limeshikwa na nyaya za chuma pande tatu, na kileleni pamefungwa waya mwembamba ambao mtu aliyeko barabarani haoni hata kivuli chake. Hiyo ndiyo antena yangu ya redio ya ridhaa. Neno ni lilelile la ngumi za ridhaa: unapigana, unavimba, hulipwi. Wazee wangeiita simu ya upepo, na wasingekosea sana.

Niwatendee haki wenzangu wa kijiweni, maana si wajinga. Yupo mwenye maduka mawili ya simu Mtaa wa Aggrey, yupo fundi umeme, yupo mwalimu mstaafu anayesoma gazeti mpaka matangazo ya tanzia. Hoja yao, nikiipanga vizuri kuliko wanavyoipanga wenyewe, ni hii. Zama za simu ya upepo zimekwisha, kila mtu ana simu ya mkononi, na simu inafika kokote. Kwa hiyo mlingoti wowote wa mtu binafsi katikati ya jiji ni hatari isiyo na kazi: unaleta radi, unamwaga mionzi, unaharibu televisheni za watu, unaweza kumwangukia mpita njia, na mwenye kuutaka ama ana siri, ama hana shughuli. Katika mtaa ambako futi moja ya kibaraza ina bei, chuma kisichoingiza hata shilingi ni dharau kwa ardhi.

Ni hoja iliyoshiba. Nimeisikia pia kwa wapangaji, kwa mawakala wa nyumba, na kwa jamaa mmoja wa ofisi ya umma aliyeniuliza, kwa upole kabisa, kama sina hobi nyingine. Sasa tuianue nguo moja moja.

1. "Simu ipo"

Ipo, ila si yako. Kilicho chako ni kile kioo ulichokipasua mwezi uliopita. Laini ni ya kampuni, mnara ni wa kampuni nyingine inayoukodisha, njia ya kutoka mnarani ni waya wa kioo uliofukiwa barabarani, na njia ya kutoka nchini imelala chini ya bahari. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwetu, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kubembeleza. Muuza simu wa Aggrey, huyuhuyu anayeniambia simu inafika kokote, aliketi na mzigo wake ukiwa Guangzhou na picha ya risiti ikizunguka kiduara kwenye kioo bila kufunguka. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, hakukuwa na waya uliokatika; intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Sitaji hayo ili kulumbana siasa. Nauliza tu: kitu kinachoweza kuzimwa na nanga ya meli au kwa swichi ya mtu usiyemjua, unakitegemeaje peke yake?

Nami niseme ukweli usionipendeza: redio yangu pia ina serikali juu yake. Natumia masafa kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na leseni hufutwa. Uingereza iliwanyamazisha wanaredio wake wa ridhaa mwaka 1914 na tena 1939. Tofauti ni moja. Kati yangu na mtu wa Dodoma hakuna kampuni, hakuna mnara wa kati, hakuna kebo. Kuna betri ya gari upande wangu, betri upande wake, na anga.

Na hapa ndipo wenzangu huchanganya mambo wasiyoyajua. Kwa mtu wa Dodoma wala sihitaji mlingoti mrefu. Waya wa mita 20 hivi uliotandazwa chini kama kamba ya kuanikia nguo unatosha: mawimbi ya masafa ya megahezi 7 hupanda karibu wima, yakagonga tabaka la juu la anga, yakarudi yakitawanyika kama maji ya mwavuli, na eneo la kilomita mia kadhaa linalowa lote. Tanga, Mtwara, Zanzibar, Dodoma. Urefu wa mlingoti unanisaidia nikitaka kwenda mbali zaidi, Oman au Japani. Kwa maneno mengine, sehemu ya redio yenye manufaa makubwa wakati wa maafa ndiyo yenye chuma kidogo. Anayesema "mnara hauna kazi" amepiga vita kitu ambacho hata hakihitajiki sana.

Wakati wa maafa ndiyo mtihani. Desemba 2004, mama mmoja wa Kihindi, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, na wenzake wachache na antena zao. Walikuwa wamepewa kibali ambacho kwa miaka mingi kilikuwa hakitolewi, na wengi waliwaona watu wa kuchezea redio tu. Tarehe 26 bahari ikaja. Simu zikafa. Kwa siku kadhaa watu wa bara walipata habari za ndugu zao visiwani kupitia meza ya mama yule. Bahari ni hiihii yetu, na wimbi lilelile liliua watu hata pwani ya Tanzania. Sijasikia kijiwe chochote cha kahawa kikiuliza siku hiyo nani alikuwa na redio huku.

2. "Mionzi"

Hapa sauti hushuka, watu hunong'ona kama wanataja ugonjwa wa jirani. Redio yangu ikisema kwa nguvu zote ni wati 100, sawa na balbu ya zamani ya sebuleni, na husema kwa sekunde chache, kisha husikiliza kwa dakika nyingi. Nguvu hiyo hupungua haraka kadiri unavyojitenga nayo: ukizidisha umbali mara mbili, unabaki na robo. Simu nayo ni redio yenye antena, na mnaibandika sikioni mkibishana na mteja saa nzima.

Watanijibu kwamba Shirika la Utafiti wa Saratani la Kimataifa liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kweli, mwaka 2011, kundi la 2B. Ni kundi lilelile lenye dondoo la jani zima la mshubiri na mboga za kuchachushwa za Asia. Sijamwona mtu akivuka barabara kumkimbia muuza shubiri wa Mtaa wa Congo.

Lakini hilo bado ni la kisayansi, na mimi nina la kibiashara zaidi. Kabla ya nyumba hii, mwenye nyumba mmoja alinikatalia paa lake. Alisema ana wajukuu, anaogopa mionzi. Nikamwelewa, nikashukuru kwa chai. Miezi michache baadaye kampuni ya simu ikaomba paa lilelile. Ikapanda fremu nzima ya chuma, vitu vyeupe virefu kama majeneza ya watoto, mashine inayounguruma usiku na mchana, na wajukuu wakaendelea kucheza mpira chini yake. Nilipomuuliza, hakuona haya: "Hao wanalipa kila mwezi, baba." Basi nikajifunza fizikia mpya, ambayo wanasayansi hawajaifikia. Mionzi inayolipa kodi haina madhara.

3. "Utaanguka, na utaleta radi"

Hii ndiyo hoja yao ya pekee yenye mfupa, nami nitakaa nayo.

Mlingoti uliofungwa vibaya Kariakoo ni silaha. Chini ya paa langu kuna fremu za vitenge, meza za machinga, mikokoteni, watoto wa shule, na mama wa chai. Nguvu ya upepo haiongezeki kwa hesabu ya kuhesabu vidole. Upepo ukienda kasi mara mbili, unasukuma mara nne. Kwa hiyo sibishani na anayesema mlingoti ni hatari. Nabishana na anayedhani hatari ni ule mlingoti, na si uzembe.

Kitako cha kwanza cha mlingoti wangu nilikichomelesha Gerezani kwa fundi aliyesifiwa. Kilikuja kimepakwa rangi ya fedha, kinameremeta kama trei ya harusi. Nikakigonga kwa nyundo kabla ya kukipandisha. Pigo la tatu, mchomeleo ukaachia. Chini ya rangi kulikuwa na takataka ya moto, chuma hakikuwa kimeshikana na chuma. Fundi hakuudhika. Alisema, "Bosi, wewe ndiye wa kwanza kugonga." Maneno hayo nimelala nayo usiku mwingi, nikiwaza vitu vyote vilivyoko juu ya mapaa ya mji huu ambavyo hakuna aliyevigonga.

Kuusimamisha mlingoti ni kazi ya asubuhi moja na vijana wanne. Kuutunza ndiyo kazi yenyewe. Napanda mara mbili kwa mwaka bila kukosa: kabla kusi haijashika, na kabla kaskazi haijaanza. Upepo wa bahari unabeba chumvi mpaka Kariakoo, na chumvi haina haraka. Inaanzia mahali usipopaona, ndani ya uzi wa skrubu ya kukazia, chini ya kibanio cha waya, pale maji ya mvua yanapotuama. Kamba ya nailoni haifai, jua huila mpaka ikakatika kama tambi kavu. Kebo ya antena nayo jua huipasua ngozi, na maji yakishaingia kwenye kiungo, sehemu ya nguvu inarudi kwenye redio badala ya kutoka angani, mita inakuonyesha. Fundi mmoja alinifungia kiungo kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kama anafunga manati. Mvua ya kwanza ya masika ikamcheka.

Kisha kuna kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hawajengi tena kwa vijiti. Kariakoo hakuna miti ya kutosha na waya upo kila mahali. Mwaka mmoja nilikuta kiota kileleni, kimesukwa kwa waya wa kufungia nondo na kipande cha waya nilichokuwa nimekitumia mimi mwenyewe kubana kebo. Walikifungua, wakakipandisha mita tatu, wakanijengea nacho ghorofa. Kiota kilipolowa kilikuwa na uzito wa kutosha kuupinda mlingoti. Tangu hapo kitako kina bawaba: upepo mkali ukitabiriwa, naulaza chini.

Radi? Kwa mji wenye majengo marefu ya Mtaa wa Sokoine na mabango ya chuma kila kona, bomba langu halina cha kumshawishi nacho. Hata hivyo simwamini. Nina waya wa erthi unaoshuka ukutani mpaka kwenye vyuma vilivyopigiliwa ardhini. Wa kwanza ulikuwa wa shaba, uliibwa. Wa pili wa shaba. Uliibwa, safari hii pamoja na vibanio. Sasa ni bapa la chuma lililopakwa zinki, halina soko kwa wanunuzi wa chakavu. Nawaomba wanaoogopa radi yangu wamuulize pia aliyenunua shaba ile.

Sasa tazameni juu, hapohapo mlipokaa. Usiku wa Desemba 31, 2012, Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya analojia. Antena nyingi za televisheni, zile za samaki, zilizokuwa juu ya mapaa zikafa siku moja, maelfu kwa maelfu, na hakuna aliyezishusha. Zipo. Zimeshikiliwa na misumari ya mwaka 1998, kwenye mabomba yaliyooza, zikielekea mnara usiozitangazia tena. Pamoja nazo kuna madishi yaliyopasuka, matangi ya maji ya lita 5,000 yaliyowekwa juu ya mbao, mabango ya benki yenye ukubwa wa tanga la jahazi, na vyumba vya bati vilivyoongezwa juu ya ghorofa ambayo msingi wake haukuambiwa. Hakuna hata kimoja kilicholeta malalamiko kijiweni. Mlingoti wangu wenye mwenyewe, wenye leseni, wenye siku ya kukaguliwa, ndio tishio. Vyuma visivyo na mwenyewe ni mandhari.

Na Kariakoo ilipoua, haikuua kwa mlingoti. Jumamosi ya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilishuka saa za biashara, likaua makumi ya watu. Waokoaji walifukua siku na usiku, mara kwa mara wakiomba umati unyamaze ili wasikie sauti kutoka chini. Waziri Mkuu akaunda kamati ya watu 19 kukagua majengo ya mtaa. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013 jengo jingine la ghorofa, lililokuwa bado linajengwa, lilishaanguka katikati ya jiji na kuua watu zaidi ya 30. Sisi tulikuwa tunaangalia juu, tukimtazama mtu wa redio. Zege lilikuwa linaachia chini yetu.

Baada ya Novemba ile nilimleta mhandisi, kwa pesa yangu, anikagulie paa. Alitazama kitako changu dakika tano. Halafu akatumia saa nzima kwenye nguzo za ghorofa ya chini, akiuliza swali lilelile kwa kila mpangaji: ukuta uliokuwa hapa kautoa nani? Kila mmoja alisema aliukuta umeshatolewa.

4. "Anaharibu TV zetu"

Ilikuwa kweli zamani, wakati picha ilikuja kwa mawimbi ya analojia na mwanaredio mzembe aliweza kumtia chenga mtangazaji. Leo mnatazama kwa king'amuzi. Kikiganda, angalieni kama mmelipia.

Nani anamwingilia nani? Chaja ya elfu tatu, taa za LED zisizo na kichujio, mashine ya sola inayogeuza umeme, redio za madukani zinazoshindana kuita wateja: vyote hivyo vinapiga kelele kwenye masafa yangu. Mchana, sindano ya redio inalala kulia na haiinuki. Nasikia mngurumo mmoja kama wa kiwanda cha kusaga. Mtu wa Mbeya akiniita saa sita mchana simsikii kwa sababu mtaa mzima unachaji. Nikitaka kumsikia naamka saa kumi alfajiri, fremu zimefungwa, taa zimezimwa, na Kariakoo kwa saa moja na nusu inakuwa mahali penye anga. Sijawahi kumpelekea mtu malalamiko. Niende na nini, chaja mkononi?

5. "Ni mambo ya kijasusi"

Ya zamani, hii, na ina asili yake. Agosti 8, 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kutangaza vita, meli ya kivita HMS Astraea iliipiga Dar es Salaam mizinga; ilichokitaka kilikuwa mnara wa redio wa Wajerumani. Juni 1915 Waingereza walivamia Bukoba, na kituo cha redio kikawa miongoni mwa vilivyovunjwa. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoleta kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, ambayo ulimi wa Kiswahili uliifanya Kariakoo. Kwa hiyo mtaa huu na hofu ya minara ni mapacha. Siwalaumu kwa kurithi.

Ila jasusi anayeijua kazi yake angeikimbia redio ya ridhaa. Kanuni za kimataifa zinakataza wanaredio wa nchi mbili kuzungumza kwa mafumbo yaliyokusudiwa kuficha maana. Kila nisemacho kinasikika kwa yeyote mwenye redio, na lazima nijitambulishe kwa alama ya wito inayoanza na 5H, ambayo mtu wa Osaka akiisikia anajua mara moja niko Tanzania. Anayeniita jasusi ananiandikia hayo kwa WhatsApp, ujumbe uliofungwa kwa kufuli ambayo hata mwenye kampuni anasema hawezi kuifungua.

Na kila mwaka wageni kutoka Ulaya wanashuka Zanzibar na mabegi ya antena, wanasimamisha milingoti ufukweni mwa hoteli, wanaongea na dunia wiki nzima kwa alama zetu, wanaondoka na picha. Hao tunawaita watalii.

6. "Haina faida"

Haina. Kanuni zenyewe zinakataza kuchuma kwayo. Kwa bei za huku, pale kitako changu kilipo pangekaa bango, na kwa miaka hii ningekuwa nimeshalipia kilemba cha fremu. Nimetumia fedha nyingi zaidi kwa rangi, waya na vibanio kuliko kwa redio yenyewe. Nakubali hasara yote hiyo, na naomba tu ihesabiwe kwenye daftari moja na matangi, mabango na kuta zilizotolewa.

Jumapili iliyopita nilipanda kukaza nyaya kabla ya kusi. Kwenye paa la pili niliona antena moja ya samaki, ya zile za zamani, imeinamia barabarani, inashikiliwa na skrubu moja iliyobaki nusu. Chini yake kabisa ni meza ya mama wa chai. Nikateremka, nikamwambia, nikamwonyesha kwa kidole. Akaacha kukanda, akakinga jua kwa mkono wenye unga, akatazama kwa muda. Kisha akageuza kichwa upande wa paa langu.

"Sawa baba," akasema. "Na lile refu je?"